Darasa Kubwa, Mwalimu Mmoja: Tumsaidieje Mtoto Asiyejua Kusoma?

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwalimu mstaafu mbele ya walimu wa shule za msingi na wazazi waliohudhuria semina ya siku moja. Tumeyafupisha kidogo. Vichwa vidogo ni vyetu.)

  

Nimeombwa nizungumze juu ya mbinu za kufundisha. Mbinu ni nyingi, na vitabu vyake ni vinene. Nikianza kuzitaja zote tutalala hapa. Kwa hivyo nimeamua kushika jambo moja tu. Nataka tuzungumze juu ya mtoto aliye darasa la nne, au gredi ya nne kama tunavyosema siku hizi, na bado hajui kusoma.

Mtoto huyo mnamjua. Kila mmoja wenu akifunga macho sasa hivi anaweza kutaja majina matatu au manne. Mara nyingi yeye si mtoto msumbufu. Ameketi karibu na ukuta, kimya. Ananakili kutoka ubaoni, tena pengine kwa hati nzuri kuliko wenzake. Lakini ukimwekea kidole juu ya neno moja katika yale aliyoyaandika mwenyewe, ukamwuliza, "Hapa umeandika nini?" anakutazama tu.

Neno langu leo ni hili: mtoto huyo anaweza kufundishwa kusoma, katika darasa lenu hilo hilo la watoto 80, bila kungoja tuletewe walimu wengine. Lakini yako mambo mawili ya lazima. Kwanza ajulikane. Pili apewe nusu saa yake kila siku. Hayo mengine yote nitakayosema ni kueleza namna ya kufanya hayo mawili.

Tulifikaje hapa?

Mnakumbuka Januari ya mwaka wa 2003. Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi za umma, watoto waliingia kama maji ya mvua. Idadi ya wanafunzi nchini iliongezeka kwa zaidi ya milioni moja. Lilikuwa jambo jema, na mimi sitaki mtu aondoke hapa akisema nililisema vibaya. Mwaka uliofuata, 2004, mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, alivaa sare akajiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo kule Eldoret. Alitaka ajisomee Biblia mwenyewe. Aliendelea na masomo, na alipofariki mwaka wa 2009 tayari alikuwa mtu anayejua kusoma. Basi kama mzee wa miaka 84 aliweza, tusiseme mtoto wa miaka 10 amechelewa.

Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi ile ile, wala walimu. Aliyekuwa na watoto 40 akajikuta na 80, wengine 100. Na ninyi mnajua kinachotokea mwalimu akiwa na watoto 100: anafundisha wale wanaojibu. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Anasukumwa na silabasi, anasukumwa na kengele, na wanaojibu wanampa moyo.

Tangu mwaka wa 2009 shirika la Uwezo lilianza kupita nyumba kwa nyumba hapa Kenya, likiwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili waisome. Mwaka baada ya mwaka waliona jambo lile lile: watoto wengi sana wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma hadithi ya darasa la pili, na hata katika madarasa ya juu walikuwako wasioweza. Halafu mwaka wa 2015 ukaja mpango wa Tusome, ukaleta kitabu kimoja kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, na mwongozo kwa mwalimu. Ulisaidia. Lakini kitabu hakimtafuti mtoto aliyeketi nyuma. Anayemtafuta ni mwalimu.

Kuna jambo lingine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 hairuhusu mtoto kurudishwa darasa. Mimi naikubali sheria hiyo, kwa sababu nimeona watoto waliorudishwa mara tatu wakaacha shule kwa aibu. Lakini fikirini maana yake kwa yule asiyejua kusoma. Kila Januari anapanda. Darasa la nne anakuta sayansi, kilimo, masomo ya jamii, na vyote vimeandikwa. Hesabu zenyewe sasa zina maneno: "Mkulima alivuna magunia 12, akauza 5..." Anajua kutoa, lakini hajui ameambiwa atoe nini. Zamani KCPE ingemfichua mwishoni. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023. Sasa mtoto anaweza kusukumwa mpaka sekondari ya chini akiwa vile vile. Kama hatukumsaidia sisi wa msingi, nani atarudi kumfundisha ma, me, mi, mo, mu?

Kwanza: mjue ni nani

Mnaniambia, "Lakini mwalimu, darasa langu lote linasoma." Ndiyo, linasoma kwa pamoja. Mwalimu anasema, darasa linaitikia, na sauti ni kubwa hata mwalimu mkuu ofisini anafurahi. Lakini kusoma kwa pamoja kunaficha. Watano wanasoma, sabini na watano wanafuata sauti. Wengine wamekariri ukurasa mzima kwa kuusikia tu.

Niliwahi kumpokea msichana wa darasa la tano aliyehamia kwetu kutoka shule nyingine. Nilimwambia anisomee ukurasa wa kwanza wa kitabu alichokuja nacho. Akausoma wote bila kosa. Nikataka kuendelea, lakini nikaona macho yake hayako kwenye kitabu, yako dirishani. Nikageuza kitabu juu chini. Akaendelea kusoma vile vile! Alikuwa na akili nyingi mtoto yule. Mtu anayeweza kuficha kutojua kusoma kwa miaka mitano si mjinga hata kidogo. Alijifunza kusoma kwa muhula mmoja na nusu, kwa njia hii ninayowaeleza.

Kwa hivyo usimpime mtoto kwa kitabu anachokijua. Chukua karatasi moja ngumu, uandike sehemu nne kwa herufi kubwa:

1. Silabi kumi zilizochanganywa: ma, ki, tu, le, so, bi, nda, shu, nya, mbo.

2. Maneno kumi ya kawaida: mama, kuku, meza, dirisha, shamba, ng'ombe, na mengine kama hayo.

3. Aya fupi: "Juma ana mbuzi. Mbuzi amefungwa kando ya mto. Jioni Juma anampelekea majani."

4. Hadithi ya sentensi nane au tisa, na maswali mawili juu yake.

Mwite mtoto mmoja mmoja, mbali kidogo na wenzake, asione haya. Anza na aya. Akiisoma vizuri, mpe hadithi. Akishindwa, mrudishe kwenye maneno. Akishindwa maneno, mrudishe kwenye silabi. Usimwonyeshe silabi kwa mpangilio wa ma-me-mi-mo-mu, maana huo ameuimba tangu chekechea. Onyesha kwa kidole hapa na pale.

Mtoto mmoja anachukua kama dakika 2. Watoto 80 ni dakika 160. Msiogope! Usifanye siku moja. Fanya watoto 8 kwa siku, yaani dakika 16, wenzao wakiwa wanaandika. Siku 10 za shule umemaliza darasa lote. Wiki mbili tu, na sasa unayo orodha. Andika kando ya kila jina katika daftari lako: S kwa asiyejua silabi, M kwa aliyekwama kwenye maneno, A kwa aliyekwama kwenye aya, H kwa anayesoma hadithi na kuielewa. Rudia upimaji huu kila mwisho wa muhula.

Daftari hilo ni lako. Usilibandike ukutani.

Pili: nusu saa ya kila siku

Tuseme umepata watoto 18 wa S, 22 wa M, 25 wa A, na 15 wa H. Nimetoa mfano tu, yako yatakuwa mengine. Sasa wape vikundi majina ya miti: Mwembe, Mkuyu, Mvule, Mparachichi. Usiite "kikundi cha kwanza" na "kikundi cha mwisho." Watoto wanajua kusoma cheo hata kama hawajui kusoma kitabu.

Watu wa Pratham, shirika lililoanzishwa Mumbai, India, katika miaka ya 1990, wamefanya kazi hii kwa muda mrefu, na Uwezo walijifunza upimaji wao huko huko India. Njia ya Pratham ni rahisi kueleza: kwa muda fulani wa siku, mtoto afundishwe pale alipo, si pale kitabu cha darasa lake kilipo. Akiweza, anahama kikundi siku hiyo hiyo. Hangoji mwisho wa mwaka.

Dakika 30 ukiwa peke yako unaweza kuzigawa hivi:

Dakika 15 za kwanza keti na wale wa silabi. Wakae mbele karibu nawe, chini kwenye mkeka au kwenye madawati yaliyosogezwa. Silabi mbili mpya kwa siku zinatosha, pamoja na kurudia za jana.

Dakika 10 zinazofuata nenda kwa wale wa maneno. Uwakute tayari wanaunda maneno kwa visoda, nitaeleza sasa hivi.

Dakika 5 za mwisho sikiliza wale wa aya. Wawe wanasoma wawili wawili, huyu sentensi moja, yule sentensi moja. Sikiliza watoto wawili au watatu kila siku, kesho wengine.

Na wale wa hadithi? Hao wape kitabu cha hadithi na kazi ya kuandika maswali mawili ambayo watawauliza wenzao Ijumaa. Msiwafanye walimu wasaidizi kila siku. Wao pia wamekuja shuleni kujifunza, na mzazi wake ana haki ya kuuliza kwa nini mtoto wangu anafundisha badala ya kufundishwa. Siku moja kwa wiki inatosha.

Kama mwalimu mkuu anakubali, kuna njia bora zaidi. Darasa la tatu, la nne na la tano wawe na nusu saa hiyo kwa wakati mmoja. Watoto wote wa silabi, kutoka madarasa yote matatu, waende kwa mwalimu mmoja, wa maneno kwa mwingine, na wa aya na hadithi kwa wa tatu. Hapo kila mwalimu ana kazi moja tu. Naomba jambo moja: wale wa silabi wasipewe mwalimu mgeni aliyekuja juzi kwa mazoezi. Wapewe mwalimu mwenye subira kuliko wote.

Vifaa ni vya bure

Visoda mnavyo. Tuma watoto dukani na hotelini, kwa wiki moja mtapata debe zima. Kwa ndani ya kila kisoda bandika karatasi yenye silabi moja. Watoto wa kikundi cha maneno wapewe visoda 20 kila wawili, na waambiwe waunde maneno kadiri wawezavyo. Ma na ji ni maji. Ji na ko ni jiko. Wakishaunda, wanasoma, halafu wanaandika daftarini.

Kuna mchezo wa mnyororo ambao watoto wanaupenda sana. Silabi ya mwisho ya neno lako inaanza neno langu. Maji... jiko... kofia... asali... lima... na tumerudi kwenye maji! Mchezo huu hauhitaji hata chaki, na mtoto anajifunza kwamba neno lina vipande, na kwamba vipande vile vile vinatumika kwingine. Akilielewa hilo, mlango umefunguka. Kiswahili kina huruma kwa anayejifunza kusoma: kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyeshika silabi zake katika Kiswahili atakuwa na pa kushika hata anapokwenda kwenye Kiingereza, ambacho hakina huruma hiyo.

Tumieni pia maboksi ya dukani, kalenda za mwaka uliopita kwa nyuma, na mchanga uani. Mtoto akiandika silabi kwa kidole mchangani, akikosea anafuta kwa kiganja. Hakuna alama nyekundu pale.

Lugha ya nyumbani isiwe kosa

Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 imekuwa ni mwongozo kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha inayozungumzwa mahali pale. Wengi wetu hatufuati. Wengine bado wanamvika mtoto kibao shingoni kwa kuzungumza lugha ya mama yake. Hilo liishe. Mtoto asiyeruhusiwa kuuliza kwa lugha anayoijua hataacha lugha hiyo, ataacha kuuliza.

Lakini jueni matatizo ambayo lugha ya nyumbani inaleta katika kusoma, ili mrekebishe bila kumcheka mtoto. Hapa kwetu kwenye Wakikuyu, l na r zinachanganyika, na mtoto anasema "karamu" akimaanisha kalamu. Kwa Wakamba ni kinyume, r inageuka l. Kwa Wajaluo sh inakuwa s, "sule" badala ya shule. Kwa Wakalenjin b na p, g na k zinabadilishana. Sasa mtoto akisoma "karamu" mbele ya neno kalamu, jiulize: ameshindwa kusoma, au amesoma vizuri na ulimi ndio umeteleza? Mwulize, "Hicho ni kitu gani?" Akikuonyesha kalamu yake, huyo amesoma. Mpe alama yake, kisha mfundishe matamshi wakati mwingine.

Namna ya kuuliza maswali

Hapa kuna jambo dogo ambalo mnaweza kulianza kesho. Wengi wetu tunauliza hivi: "Wanjiku, mji mkuu wa Kenya ni upi?" Mara tu jina la Wanjiku linapotajwa, watoto 79 wanapumzika. Geuza. Uliza swali kwanza. Hesabu moho moja mpaka tano kimyakimya. Halafu ndipo utaje jina. Katika sekunde hizo tano kila mtoto anafikiri, maana hajui nani ataitwa.

Na majina yenyewe msichague kwa mikono iliyoinuliwa, maana mikono ni ya wale wale kila siku, na mara nyingi ni ya wavulana wa mbele. Andika jina la kila mtoto kwenye kijiti, utie vijiti kwenye mkebe, uchomoe. Aliyechomolewa akikosa, mwambie, "Sawa, msikilize mwenzako, nitarudi kwako." Na urudi kweli. Usipoteze ahadi hiyo.

Anayecheka mwenzake akikosea asamehewe mara moja tu. Kicheko cha darasa kimewanyamazisha watoto wengi kuliko ugumu wa somo.

Madaftari 80

Najua mnachofikiri. "Na kusahihisha je?" Tufanye hesabu. Daftari moja dakika 2, madaftari 80 ni saa 2 na dakika 40. Kwa somo moja! Hakuna binadamu anayeweza kila siku, na anayesema anaweza anapiga tiki bila kusoma.

Sahihisha kwa undani madaftari 16 kwa siku. Kwa siku 5 umefika 80, kila mtoto mara moja kwa wiki. Yaliyobaki, watoto wabadilishane madaftari, majibu yaandikwe ubaoni, wasahihishane kwa penseli. Na wakati wanaandika, usikae mezani. Tembea kati ya madawati na kalamu mkononi, uweke alama pale pale. Kosa linalorekebishwa likiwa bado moto lina faida kuliko lile linalorudi kesho kutwa.

Kuhusu kiboko

Wazazi, hapa naomba mnisikilize na ninyi. Kiboko shuleni kilipigwa marufuku mwaka wa 2001. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu asiadhibiwe kwa namna ya kumtesa au kumdhalilisha, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamhukumu anayempiga mwanafunzi. Bado baadhi ya wazazi wanakuja shuleni wakisema, "Mwalimu, mchape, nimekuruhusu." Mzazi hana ruhusa hiyo ya kumpa mwalimu.

Lakini tuache sheria kidogo, tutazame kazi. Mtoto anayeogopa kupigwa akikosea hatasoma kwa sauti. Na asiposoma kwa sauti, hutajua amekwama wapi. Kwa hivyo kiboko kinakunyima habari ile ile unayoitafuta.

Kelele mtazizuiaje basi? Kwanza, kazi iwe tayari ubaoni watoto wanapoingia. Kelele nyingi huanza mwalimu anapotafuta chaki. Pili, wekeni sheria tatu au nne tu, mzitunge pamoja na watoto. Tatu, msumbufu apewe kazi ya kugawa visoda na kuvikusanya. Nne, anayechelewa kila siku aulizwe kwa faragha. Mara nyingi ameteka maji kwanza, au amempeleka mdogo wake chekechea. Na yule anayelala darasani, uliza kama amekula. Anayekunja uso akitazama ubao, msogeze mbele, umwambie mzazi ampeleke kliniki apimwe macho. Nimeona watoto walioitwa wazito, kumbe hawakuwa wanaona ubao.

Na ninyi wazazi

Mama au baba anaweza kusema, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Mnaweza. Mtoto akusomee dakika 10 kila jioni, wewe ukiendelea na kupika. Kama hakuna kitabu, asome pakiti ya unga, asome kalenda, asome karatasi ya kliniki. Wewe huhitaji kujua herufi ili ujue kama anasoma au anakwama. Masikio yako yanatosha. Akikwama, mwambie tu, "Rudia polepole." Msimfananishe na dada yake. Na siku ya Jumamosi, ukumbi wetu wa kanisa unakaa mtupu. Vijana waliomaliza sekondari wako nyumbani. Saa mbili za kusoma hadithi pale hazihitaji bajeti, zinahitaji mtu wa kushika ufunguo.

Neno la mwisho juu ya silabasi

Mwalimu mmoja aliniuliza wakati wa chai, "Nikitoa nusu saa kila siku, silabasi itaisha saa ngapi?" Ni swali la haki. Afisa wa elimu akija atauliza maazimio ya kazi, hataulizia visoda.

Jibu langu ni hili. Silabasi ya darasa la nne unayoikimbiza, yule mtoto wa silabi haipati hata ukiimaliza mwezi wa Agosti. Kwake yeye haijaanza. Nusu saa hiyo itolewe kwenye vipindi vya lugha, ambavyo hata hivyo kazi yake ni kusoma. Na mwonyesheni afisa lile daftari la S, M, A, H, la muhula huu na la muhula uliopita. Akiona watoto 18 wa S wamekuwa 6, ataelewa. Asipoelewa, mwalimu mkuu asimame nanyi. Walimu wakuu, nimewasikia mkicheka, lakini nasema kweli. Mwalimu akifanya kazi hii peke yake, bila mkuu wake kumtetea, atachoka kabla ya mwezi kwisha.

Jumatatu msianze na vikundi wala visoda. Anzeni na karatasi ile ya sehemu nne, na watoto 8 wa kwanza kwenye rejista. Dakika 16. Jioni mtakuwa tayari mmejua jambo ambalo leo hamlijui.



Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika shule yenu, ni nani anayejua idadi ya watoto wa darasa la nne wasioweza kusoma aya fupi? Kama hakuna, ni nani atakayeanza kuwapima, na lini?

2. Ni nusu saa ipi ya siku ambayo madarasa matatu yanaweza kuwa na kipindi cha kusoma kwa wakati mmoja?

3. Wazazi wa eneo letu wanaweza kuleta vifaa gani bila kuchangishwa pesa?

4. Ni adhabu zipi bado zinatumika shuleni kwetu ambazo zinamfanya mtoto aogope kusoma kwa sauti? Tutaweka nini mahali pake?